Kilichoshikwa na Mtani

Morogoro, 10 Juni 1956

Mjomba Pantaleo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta wewe na mama mkiwa wazima, na mpunga umeiva vizuri. Mimi sijambo, ila mikono haitakati tena kwa grisi.

Mjomba, mkataba wangu hapa karakana unaisha Oktoba. Wamekuja mabwana wanaoandika vijana wa kwenda migodini kusini, miaka miwili, na wenzangu wengi wamekwisha tia dole gumba. Mimi bado. Nawaza ile pikapu ya marehemu baba. Kama inaweza kuwaka, narudi Ifakara nibebe mpunga wa watu kama alivyofanya yeye, na mama hatakaa peke yake. Kama imekufa kweli, basi naandika jina niende.

Funua boneti uitazame, kisha unieleze. Lakini mjomba, naomba usitie chumvi.

Mpwa wako,
Fridolin


Ifakara, 2 Julai 1956

Kwako mpwa wangu Fridolin,

Marahaba, marahaba sana. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, lile lililokanyagwa na kiboko. Kiboko mwenyewe hakupona. Mama yako ni mzima, anakusalimu, anauliza kama unakula.

Chumvi, mimi? Mimi niliyesoma kwa mapadre mpaka darasa la tatu, nikaachishwa kwa sababu mwalimu aliona namkaribia? Mimi husema yale macho yameona, basi.

Haya. Ile pikapu Sheveleti ya baba yako ipo palepale nyuma ya nyumba, miaka mitano sasa, imefunikwa mikeka. Nilipofunua nikakuta chatu amejizungusha kwenye usukani, mrefu kutoka hapa mpaka kivukoni. Nikamwambia, "Shuka, hujui kuendesha." Akashuka. Mama yako anasema alikuwa kenge. Dada yangu hajui kupima.

Tatizo ni mama yako mwenyewe, hataki gari liguswe. Wewe ulikuwa Morogoro bado hujafika, hukuona. Kesho yake baada ya kumzika baba yako Apolinari tulitaka kwenda kuwapokea wageni wa Mahenge kivukoni. Wanaume sita tukapokezana hendeli, tukazungusha mpaka mashati yakalowa. Kimya! Gari lililokuwa likiwaka kwa mkono mmoja wa baba yako! Mama yako akasema, "Liacheni. Limemfuata mwenyewe." Akaleta mikeka. Tangu hapo neno lake ni hilo.

Msiba ule ungetuvunja mgongo kama si mtani wetu, Nikodemu, yule Mhehe wa Uchindile. Siku ya kuzika alivaa kofia ya marehemu, akaingia garini, akaendesha kwa mdomo, brrr, brrr, huku akiwafokea abiria kama Apolinari mwenyewe: "Wewe mama, huyo kuku wako naye alipe nauli!" Waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Akafungua boneti akajifanya fundi, akachokonoachokonoa, akaifunga na kutangaza, "Huyu haendi popote mpaka mniletee jogoo!" Tukamzomea. Watu wa milimani, gari wamelijulia wapi?

Basi nimezungumza na mama yako. Jana akasema, "Liguseni, ila msililazimishe." Nieleze tu pa kuanzia. Mkono huu uliwahi kufufua mashine ya kukoboa iliyokuwa imeliwa na mchwa.

Mjomba wako,
Pantaleo


Morogoro, 19 Julai 1956

Mjomba,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi nakula, mwambie mama, na mwambie pia kwamba hatutailazimisha.

Mchwa hawali chuma, mjomba. Nakuomba ufuate haya na usizidishe. Mwaga petroli yote ya zamani. Toa plagi zote sita, tia oili kidogo katika kila tundu, uache siku kadhaa, kisha zungusha hendeli taratibu. Ikigoma, usiitukane wala kuipiga nyundo.

Halafu tafuta distributa. Ni kidude cheusi ubavuni mwa injini, nyaya zimekitoka kama mikia. Kifuniko chake kina vibanio viwili. Kifungue, futa vumbi, unieleze umeona nini ndani.

Mpwa wako,
Fridolin


Ifakara, 6 Agosti 1956

Mpwa wangu fundi,

Marahaba. Tumevuna, ghala limejaa mpaka panya wanatembea kwa kupanga foleni. Mama yako hajambo.

Nimemaliza kazi yote. Petroli ilinuka kama pombe ya harusi iliyosahaulika. Oili hapa hakuna, nikatia mafuta ya nyonyo ya mama yako. Usishtuke! Siku zilipopita nikashika hendeli kwa kidole kimoja, injini ikazunguka, ikakoroma kama mzee anayejinyoosha. (Mama yako, anayechungulia begani kwangu, anasema niandike kwamba ilikuwa mikono miwili pamoja na ya jirani. Haya, nimeandika.) Lakini ilizunguka, na yeye mwenyewe alitoka ndani kuja kusikiliza.

Hiyo distributa nimeifungua. Ndani ni safi kama bakuli lililolambwa, hakuna hata buibui. Katikati kimesimama kijiti cha chuma, kichwa wazi, peke yake. Basi. Gari ni zima, rudi nyumbani.

Mjomba wako,
Pantaleo


Morogoro, 20 Agosti 1956

Mjomba,

Shikamoo. Habari za mama nimezifurahia. Za distributa zimenikosesha raha.

Kijiti hicho hakikai kichwa wazi. Juu yake huvikwa rota, kitu cheusi kama kidole gumba, chenye ulimi wa shaba. Ndiyo inayoupeleka moto kwenye kila plagi. Bila hiyo mngezungusha kijiji kizima na isiwake. Haiwezi kuanguka wala kuliwa na panya, kifuniko kikiwa kimebanwa. Imetolewa na mkono wa mtu, na nadhani ilikwisha tolewa siku ile mlipotoka jasho bure. Nimeulizia mji mzima, ya gari la zamani namna hiyo haipatikani.

Mabwana wa migodi wanaondoka na watu katikati ya Oktoba. Nani aliifungua boneti ile, mjomba?

Mpwa wako,
Fridolin


Ifakara, 27 Septemba 1956

Kwako Fridolin,

Marahaba. Mimi nimekonda, lakini mzima. Nisamehe kimya changu, nilikuwa safarini.

Barua yako nilimsomea mama yako. Nilipofika kwenye swali lako, tukatazamana. Tukataja jina kwa pamoja.

Nikakamata jogoo, nikapanda mtumbwi, kisha nikashika njia kwa miguu hadi Uchindile. Njiani simba alinifuata. Jogoo akawika, simba akadhani kumekucha, akaenda kulala. Nikamkuta Nikodemu ameketi mlangoni kwake. Hakusimama hata kidogo.

"Walaji wa kambale hao!" akasema. "Leo ndiyo mmejua kutafuta?"

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Mwizi huchukua. Mtani hushika. Si nilitangaza mbele ya kadamnasi, haendi popote mpaka mniletee jogoo? Mlidhani naimba?"

"Tulidhani unachekesha watu, mjinga wewe! Miaka yote hii, kwa nini hukuirudisha?"

Hapo akaacha kucheka. Akaniambia, "Pantaleo, mtani akirudisha kitu cha marehemu bila kukombolewa, amesema marehemu hakuwa na watu. Mimi ningemwambiaje Apolinari neno hilo?"

Akaingia ndani, akashusha kofia ya baba yako iliyoning'inia darini. Rota ilikuwa mle, imefungwa kitambaa. Nikanyoosha mkono, akairudisha rota kifuani. Akasema jogoo hapokelewi kwa mjomba, anapokelewa kwa mwenye msiba. Tukarudi wote watatu, mimi, yeye na jogoo. Jogoo yule ametembea kuliko mapadre.

Kufika hapa, Nikodemu akafunua mikeka bila hodi, akavaa kofia, akakaa kwenye usukani. Brrr, brrr! Mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nikasema moyoni, leo kuna maziko mengine. Akasimama mlangoni mwa gari, akamtazama Nikodemu. Kisha akasema, "Kuku wangu halipi nauli."

Fridolin, alicheka dada yangu mpaka akakaa chini. Akakishika kile kitambaa, akalia, akacheka tena. Akamkabidhi Nikodemu jogoo wake.

Rota ninayo mezani hapa ninapoandika. Pa kuiweka napajua, unajua kwamba napajua. Lakini mama yako amesema iwekwe na mkono wako. Basi nimeiacha. Hapa hamna chumvi hata punje moja. Njoo.

Mjomba wako,
Pantaleo


Kisawasawa, 28 Oktoba 1956

Mjomba Pantaleo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nisamehe mwandiko huu unaotetemeka. Naandikia juu ya boneti na injini inaunguruma. Barua nitampa mtu wa baiskeli anayekuja huko.

Tumefika salama na mpunga wa watu. Pole kwa kuachwa nyumbani. Nikodemu bado amekalia nafasi yako, anasema jogoo alikomboa rota, hakukomboa kiti. Hapa wamekwisha sikia kwamba uliipokonya rota hiyo mdomoni mwa simba. Sikuwapinga. Wenzangu wa karakana nao wameondoka kwenda kusini, nami nawaombea.

Kazi ninayo kwa mama. Tangu tulipotoka Ifakara amenikataza kuizima. Nimemweleza kwamba petroli inateketea bure tukiwa tumesimama. Anasema, "Iliponyamaza mara ile, ilinyamaza miaka mitano." Sasa nimlazimishe? Ngoja, ananiita.

Nimerudi. Ona mwandiko ulivyotulia. Amenyoosha mkono mwenyewe akazima swichi. Pakawa kimya mpaka tukausikia mto unaoshuka mlimani. Mama amekaa na mikono mapajani, anatazama mbele. Sasa hivi amesema, "Haya, baba. Washa."

Naweka kalamu chini nishike hendeli.

Mara ya kwanza, kimya. Sikumtazama usoni. Mara ya pili,

mistari hii ya mwisho, mjomba, utaisoma tena kwa shida.

Mpwa wako,
Fridolin