Wimbo wa Kisima

Jumamosi, Takoma Park, Marekani

Na aliimba vizuri, hiyo ndiyo shida.

Shuleni watoto waliambiwa waeleze wazazi wao walikotoka. Nikamsimulia binti yangu Halima kuhusu kijiji chetu cha jangwani, kule juu kaskazini mwa Kenya: miamba iliyochorwa twiga, baridi ya usiku na nyota zake, visima ambako watu huimba wakipokezana ndoo huku ngamia wakingoja zamu. Akataka wimbo wenyewe. Niliutafuta kichwani, sikupata hata mstari mmoja. Nikamfunza wimbo wa tangazo la sabuni la redioni. Nilitoa sabuni, nikaweka ngamia.

Darasa zima lilimpigia makofi. Laiti yangeishia hapo.

Leo amempigia mama yangu simu. "Nyanya, listen! Wimbo wa kisima!" Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikiomba mtandao ukatike. Haukukatika. Mama akaanza kuitikia, kama mtu aliyeuimba maisha yake yote.

Ulipoisha akaniita kwenye simu. Nilijua nitagombezwa.

"Mtoto ana sauti nzuri," alisema. Halafu, polepole: "Wimbo wetu umeusahau, mwanangu. Mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia simsikii, mtandao unakatika.