Zile Nguo Ulizomletea

Dada yangu mpendwa,

Sasa hivi tu mwanao wa huku kwangu amechukua kifuniko cha kalamu hii, akakivalisha kidole gumba, akaja kunionyesha kama mtu aliyepandishwa cheo. Nimemnyang'anya kabla hajakimeza, amenuna, yuko chini ya meza anazungumza na ndala ya baba yake. Basi ujue kwanza kabisa kuwa ni mzima. Nawe hujambo? Kichanga chako kimeanza kukaa? Sisi wazima wote, hata mama mkwe, mguu umepungua kuvimba na maneno yameongezeka.

Simu zangu hupokei kwa miezi miwili sasa, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika karatasi. Mwandiko wangu unaujua, nivumilie.

Wewe hukusimuliwa vizuri, ulifokewa tu. Ilikuwa hivi. Mtoto aliamka mlegevu, hataki kula wala kubebwa. Mchana macho yakawa ya njano, na nilipombadilisha nepi nikakuta mkojo mweusi-mweusi, kama chai iliyokolea majani. Tulikimbia hospitali. Daktari, mzee mmoja anayeweka miwani kichwani halafu anaitafuta mezani, aliuliza amekula nini, amepewa dawa gani. Nikasema hajapewa kitu. Akamnusa shingoni, akauliza kama kwetu tunatumia vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kwenye nguo. Hapo shemeji yako akasema nguo za mtoto zimetoka kwako, zilikaa sandukuni mwaka mzima.

Daktari alitueleza taratibu. Chembe nyekundu za damu zina kinga yao ndani, na kwa mwanao kinga hiyo ni kidogo tangu kuzaliwa. Kwa watu wengi harufu ile inapita tu, lakini kwake chembe zinapasuka, zinakufa kabla ya siku zao, na rangi yake ndiyo ile niliyoiona kwenye nepi. Akasema zipo hata dawa za hospitali zinazofanya vilevile, baadhi ya zile za malaria na za maambukizi. Aliongezewa damu. Siku ya pili mtoto akamvuta nesi kitambulisho, nesi akasema huyu hana ugonjwa tena, anatafuta kazi.

Tumepewa kadi yenye orodha ya dawa asizopewa, naitembeza kila mahali. Hali hii, dada, mtoto wa kiume anaipata kwa mama yake. Mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Mpeleke huyo uliyemzaa wewe akapimwe wiki hii, kabla hajapewa kidonge chochote. Hata kama hutaki kunisikia kwa lolote, kwa hili nisikie.

Sasa lile lililonikalisha hapa. Harufu ile haikutoka kwenye nguo zako. Zako zilifika zinanukia sabuni, nilizinusa mwenyewe. Vidonge nilinunua mimi, siku mende alipotoka ndani ya soksi yake. Nikatia vinne kwenye foronya ya mto wake, nikajiona mama hodari. Shemeji yako alipolitaja sanduku lako, nilimwacha aamini hivyo. Alipokupigia simu na kukufokea, nilikuwa kando yake nakunja nepi, nikaendelea kukunja. Wewe ukasema pole tu. Vidonge vilivyobaki nilivitupa chooni kabla mtu hajaviona.

Nisamehe, dada yangu. Wala sikuombi msamaha wa kufichwa, huku wa hapa nyumbani wakiendelea kukusema. Nimejiapia barua hii haiingii kwenye bahasha kabla sijawaambia, na leo wote wapo. Ona hata herufi zimenyooka. Wakinifokea, nitafokewa. Mtoto ninaye, na wewe nakutaka.

Mbusu mwanangu huko kisogoni, na akishapimwa unipigie, hata kwa kunitukana. Mama mkwe ananiita, anasema chakula kinapoa na shemeji yako keshakaa. Naenda. Nitaanza na zile nguo, niwaambie kwamba dada yangu alizileta zikinukia sabuni.