Babu Alivyonunua Beberu Akiwa Amesinzia

Mwende dadangu,

Nakusalimu mimi, mfanyabiashara wa mbuzi anayeogopwa Kitui nzima, yuleyule uliyesema hawezi kuchunga hata kuku.

Hapa Mutomo jua ni kali mpaka mbuzi wanapigania kivuli cha pikipiki. Leo sokoni Babu alitaka beberu. Muuzaji akataja bei, na Babu, kwa vile alikuwa amemeza ile dawa ya neva za miguu inayomletea usingizi, akasinzia akiwa amesimama, kidevu juu ya fimbo. Jamaa akadhani amekataa, akapunguza. Babu kimya. Akapunguza tena, akaniuliza, "Kijana, mzee wako ni mgumu hivi kila siku?"

"Leo ana huruma," nikamwambia.

Babu akazinduka. "Haya, taja bei." Yule jamaa karibu alie.

Mwambie Mama aache kufunga kwa ajili yetu, ale. Miguu haimchomi Babu sana usiku siku hizi. Nawapenda nyote, hata wewe na karatasi yako ya maagizo.

Hii ya mwisho usimsomee Mama. Uliandika nitazame nyayo za Babu kila jioni kwa sababu zimekufa ganzi. Mimi nimekuwa nikitia tiki tu kwenye karatasi yako. Leo alipovua akala nikaona mwiba umezama, na usaha. Nesi ameutoa, na kesho tunarudi kusafisha kidonda. Alipokuwa akiuchomoa, Babu aliendelea kumsimulia habari za beberu, hakusikia maumivu yoyote. Mwende, sikutazama hata siku moja.

Mutua