Kurudi Katikati

Tarehe 4, mwezi wa pili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepata nafuu. Mimi sijambo, ila hewa ya huku kituoni angani, mbali na ardhi, inakausha midomo mpaka mtu anacheka kwa tahadhari.

Darasa langu lina watu kumi na wanane: makarani, wakalimani, fundi wa mabomba, na mama mmoja wa mapacha anayepika kantini. Ndio walinzi wetu hao hao. Bunduki haziruhusiwi, risasi moja ikitoboa ukuta, sote tunakosa hewa. Kwa hiyo ni panga za umeme na mtindo wako wa Mizani. Unawafaa kweli: kinga kiasi, shambulio kiasi, miguu ya kawaida. Mtu anashinda kazini kwake na bado anaweza kujilinda.

Ila nina swali. Kuna karani tunamwita Kwanini, maana hachoki kuuliza. Amenibana: kwa nini baada ya pigo la tano ni lazima turudi katikati, upanga wima mbele ya kifua? "Adui akilijua hilo je, Mwalimu?" Nisaidie kumjibu.

Mpwa wako

*

Tarehe 20, mwezi wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika kwenye ngazi tu.

Mwambie huyo Kwanini kwamba katikati ndiko nyumbani, na mtu hupumzikia nyumbani. Akizidi, mpe mizunguko hamsini, maswali yatamtoka kwa jasho. Wizara imeniandikia kwamba Mizani sasa unafundishwa vituo arobaini. Barua yao nimeibandika ukutani karibu na kioo, nijione vizuri.

Kula vizuri. Ulikonda kwenye ile picha.

Mjomba wako

*

Tarehe 9, mwezi wa tatu

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, na nimeanza kunenepa, usihofu.

Ujumbe wa upande wa pili wa vita umefika kwa mazungumzo ya amani. Kati yao kuna bwana mpole, sisi tunamwita Mgeni. Kila asubuhi huketi kwenye benchi la ukumbi wetu, miguu pamoja, mikono magotini. Haandiki kitu. Juzi akaomba kujaribu. Akashindwa na fundi, akashindwa na mpishi, akashindwa na wote kumi na wanane, naye akamshukuru kila mmoja. Wanafunzi wangu hawashikiki kwa furaha.

Lakini Mjomba, hakushindwa hovyo. Kila mara aliyaacha mapigo matano yapite, kisha wakati mwenzake anarudi katikati, akatulia tuli kama mtu anayesikiliza. Halafu ndipo akajiachia apigwe. Nimemwambia mkuu wa kituo, naye akacheka: "Mtu kashindwa mara kumi na nane, Mwalimu, unamwogopea nini?"

Saini zitatiwa tarehe tano mwezi wa nne. Nijibu upesi.

Mpwa wako

*

Tarehe 25, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Mzuie mtu huyo asiingie tena ukumbini, na siku ya saini usiweke mwanafunzi wako hata mmoja mlangoni.

Kabla hujazaliwa, mtu kama huyo alilitazama darasa letu mwezi mzima. Kisha wenzangu tisa waliuawa kwenye korido moja, kila mmoja na upanga wake wima mbele ya kifua. Mimi wakaniita shujaa aliyenusurika. Ukweli ni kwamba nilikuwa kitandani na homa.

Tundu hilo la kurudi katikati nililijua tangu siku ile. Kuliziba kunataka miaka mitatu ya mafunzo. Wizara ilitaka miezi sita. Nikakubali. Na wewe uliponiuliza, nikakufanyia mzaha.

Nimeomba Wizara ikutumie ujumbe wa redio. Wamesema redio zote zimefungwa mpaka amani itiwe saini. Karani wa posta ameniapia kwamba meli ya haraka itafika tarehe nne.

Mjomba wako

*

Tarehe 2, mwezi wa nne

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako sijaiona bado.

Jana Mgeni aliniuliza nitasimama wapi siku ya saini. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetafuta kiti. Nimejaribu siku tatu kuwabadilisha wanafunzi wasirudi katikati. Imeshindikana, miezi sita imewaingia mwilini. Mama wa mapacha kaniambia, "Mwalimu, miguu yangu inakusikia, ila haikutii." Tukacheka sote. Kisha hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Mpwa wako

*

Tarehe 11, mwezi wa nne

Mjomba,

Meli yako ilifika tarehe nne, ikazuiwa nje mpaka shughuli ya saini iishe. Barua nimepewa juzi.

Saba wamekufa mlangoni siku ya saini. Fundi, wakalimani wawili, makarani watatu, Kwanini akiwa mmoja wao, na mama wa mapacha. Mgeni alikuwa peke yake na hakukimbia hata hatua moja. Alihesabu mapigo yao matano, kila mara, kwa sauti ndogo. Mimi nilimrushia upanga usoni kama mtu asiyefundishwa chochote, nikamvamia kwa kiti. Ndiyo maana niko hai kukuandikia. Hapo ndipo akatoroka.

Wafiwa wananiuliza kosa ni la nani. Barua yako iko mfukoni mwangu na sijamsomea mtu. Njoo useme mwenyewe.

Mwalimu wa kituo

*

Tarehe 27, mwezi wa nne

Mwanangu,

Nitakuita hivyo hata kama hutaki.

Tangu mwezi uliopita nimewaandikia walimu wenzako wote kwenye vituo vingine. Wamejibu sita. Watano wanataka nisiwatie watu hofu. Wa sita ananipongeza: juzi walinzi wake wote wamemshinda mgeni mmoja mstaarabu sana. Nimemwandikia tena, naye amenyamaza.

Wizarani, ofisa alifunga mlango taratibu akasema, "Mzee, vituo arobaini. Ukifungua mdomo, nani atasimama mlangoni?" Toka siku hiyo watu wawili wanakaa kwenye gari mbele ya nyumba yangu.

Leo asubuhi nimewasimulia wanafunzi wangu yote, wakiwa wamesimama mbele yangu na panga zao zimezimwa. Mmoja alilia. Wengi waliondoka bila kuniaga.

Meli ya kuja kwako inaondoka saa nne usiku. Wale wawili wameshuka garini, wanavuka barabara, kwa hiyo natokea mlango wa jikoni na hili goti langu. Nikifika, unikusanyie wafiwa kwanza, nami niseme mbele yao. Ukitaka kunikataa, nikatae baada ya hapo.

Mjomba wako