Diski Iliyoonekana Tupu

S.L.P. 41,
Lushoto.
14 Agosti 2004

Mpendwa Mjomba Issa,

Shikamoo. Natumaini Mwanza hamjambo. Shikamoo yangu imfikie na mama Salama. Je, kifua chake kimepona? Mama hajambo, ila anakula kidogo. Mimi nipo, ingawa kila gari likisimama hapo barabarani nachungulia dirishani.

Mazishi yalikwenda kwa heshima. Dada Hadija yuko edani. Katika simu sikuweza kukueleza jinsi mumewe alivyouawa.

Sisi wa ofisi ya ushirika tulikuwa tunarekodi mkutano wa wakulima sokoni. Shemeji Abdallah aliwaambia wenzake wasimuuzie tena kabichi yule dalali Nassoro kwa bei anayopanga mwenyewe. Nassoro na vijana wake wakamwangusha, wakampiga nondo mbele ya kamera. Taya lilipovunjika nililisikia. Hakuna aliyekumbuka kuizima kamera.

Filamu niliiingiza mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi, ile ya Linux. Mpelelezi wa Tanga anatumia Windows, ndiyo maana nilikuuliza diski ya kumpelekea niifomati vipi. Niliijaribu FAT32 kama ulivyonishauri, kwa kuwa pande zote mbili huisoma. Ilikataa: haipokei faili moja linalozidi gigabaiti nne, na hili limezidi. Kulikata vipande mpelelezi hataki, asije wakili wa Nassoro akasema tumeziunga picha. NTFS, ile ya Windows, nayo Linux yetu inaisoma tu, kuiandikia ni kubahatisha. Nikaishia kwenye ext3 ya Linux yenyewe, nikijua Windows haitaiona. Niliona nimefanya kazi ya hasara.

Baada ya mazishi vijana wa Nassoro walivamia ofisi. Mlinzi walimvunja mkono. Mkanda wa kamera waliusaga kwa buti, kisha wakapasua vioo vya kompyuta zote kwa shoka, wakidhani picha zinakaa humo. Sipiyu chini ya meza, zinakokaa kweli, hawakuzigusa. Sijui nani aliwaeleza kosa lao, maana walirudi wakaichoma ofisi nzima. Nilikuwa nimeshanakili. Sasa iliyobaki ni hiyo diski moja tu.

Jumanne nikaipakia kwenye mkoba niende Tanga. Walinishusha kwenye basi pale Soni, wakanivuta kwa nywele hadi kwenye duka la intaneti la Glory, niliyesoma naye. Nassoro akaichomeka mwenyewe. Akamwambia Glory, "Fungua tuone sinema ya karani."

Windows ikasema diski haijafomatiwa, ikauliza kama iifomati. Mjomba, kidole cha Glory kilikuwa juu ya kipanya. Angebonyeza ndiyo, kila kitu kingefutika na Abdallah angekuwa amekufa bila shahidi, kwa kuwa sokoni pale hakuna anayethubutu kusema. Akabonyeza hapana.

"Imeungua hii, kaka. Haina kitu," alisema.

Nassoro alicheka. "Kumbe tunahangaika na kopo." Akanipiga nayo usoni, ikaanguka, wakaondoka. Jino moja limetoka. Diski ni nzima. Nimeipima kwa sikio tu, inazunguka.

Kwa hiyo sitaifomati upya, hata mtu akinionyesha njia bora. Naomba unitumie kwa basi hadi Mombo ile CD ya Linux inayowaka bila kusakinishwa, unayofufulia kompyuta za watu. Nitaiwasha kwenye kompyuta ya mpelelezi mwenyewe, naye ataliona faili zima, halijakatwa. Fanya haraka. Nassoro akipata mtu anayeelewa, atarudi, na safari hii hatanipiga usoni tu.

Dada Hadija ameniomba aione filamu hiyo. Nimemwambia haifunguki mpaka CD yako ifike, na hilo ni kweli. Sijamwambia kwamba kabla hajanyamaza, Abdallah anamwita yeye.

Mama anakusalimu, na Hadija, na Glory anayekuombea bila kukujua. Mungu awafunike wewe na nyumba yako.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutegemea,
Hidaya