Mstari wa Sita wa Fomu

Jumatatu, 9 Februari 2004

Jibu limekuja kutoka Washington. Wapokea simu wa kampuni ya majokofu wamekataliwa msaada wa serikali kwa waliopoteza kazi zilizohamia nje, wote sitini na mmoja. Sababu ni sentensi moja: hawakutengeneza bidhaa, walitoa huduma tu. Wanaume wa kiwandani, ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo, walikubaliwa tangu Desemba. Majokofu yamehamia Mexico, kwa hiyo wao wanalipiwa masomo na posho. Simu za wateja wa majokofu hayo hayo zimehamia Manila — na hawa hawapati kitu.

Nilimsomea Bi Ruthann Stuckey barua hapa kaunta, ofisi yetu ya ajira. Ndiye aliyekuja Novemba kuwaombea wenzake wote kwa fomu moja. Hakupiga kelele. Mwanamke nyuma yake alirusha kiti, mlango wa kioo ukamwagika wote.

Jumanne, 10 Februari

Nimetoa faili. Mstari wa sita: Kampuni inatengeneza bidhaa gani? Mwandiko wangu: "Hakuna. Huduma ya simu." Pembeni, kwa penseli: "vifurushi, Ijumaa".

Mungu wangu. Bi Ruthann aliniambia! Kila Ijumaa simu zikifungwa saa tisa, walishuka chini kufunga vifurushi vya bawaba na skrubu vya kuuzwa madukani. Hiyo ni bidhaa, ingetosha; mimi nikaona jambo dogo. Na mstari wenyewe mfupi. Mimi huandika penseli kwanza, kisha wino — hili sikulitia wino. Akatia saini bila kusoma. "Nakuamini, mwanangu," alisema. "Una mwandiko wa mchungaji."

Jumatano, 11 Februari

Tofali. Limepita dirishani saa nne asubuhi, limezungushiwa waya wa simu. Bosi wangu, Bwana Haldane, kipande cha kioo kilimwingia chini ya jicho. Damu hadi kwenye mihuri. Nilimshikia taulo.

Akasema wana siku thelathini za kuomba uamuzi uangaliwe upya, ila walete jambo jipya. "Na hawana, Lyle. Wangekuwa nalo wangeandika."

Nilichukua kitambaa. Nikafuta mihuri, mmoja mmoja.

Alhamisi, 12 Februari

Mchana nilikuwa mgahawani, nala supu ya maharage. Nje, wanaume wa kiwandani wanawazomea wapokea simu: Haya, mashangazi, hebu tuundieni jokofu kwa mdomo! Mwanamke mmoja akampiga mwanamume kwa sepetu la theluji. Meno yakaruka. Basi wakavaana, ngumi, viatu, nywele kung'olewa.

Polisi hawajafika, wanawake wakamgeukia Bi Ruthann. Mumewe, Delbert, ni mchomea vyuma; yumo katika waliokubaliwa.

"Mumeo keshapata lake, ndiyo maana vifurushi ukavisahau, eh?"

"Sikusahau! Nilimwambia yule kijana wa ofisini!"

"Mwongo we! Kijana wa watu unamsingizia!"

Wakamwangusha. Mmoja akamkanyaga mkono, kisha akaukanyaga tena, makusudi. Ule ukelele! Nilikuwa hatua kumi. Nimeshika kijiko.

Nililipa, nikatokea mlango wa nyuma.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika stoo ya mafaili, daftari gotini. Bi Ruthann yuko kaunta. Mkono umefungwa plasta ngumu ya mfupa uliovunjika hadi begani, mdomo umevimba. Wenzake wako nje kwenye theluji, kama ishirini. Mwenye sepetu yumo.

"Nataka nakala ya fomu yetu, mwanangu. Wamesema nikiwaonyesha kuwa nilisema, yataisha. Nisipowaonyesha, nisirudi mtaani."

"Sidhani kama ipo," nilisema. Mimi!

Akanitazama. "Wewe hupotezi karatasi."

Bwana Haldane, jicho moja limefungwa bendeji, akasikia, akaniambia: Mpe fomu yake, ni haki yake. Na nani aliijaza?

Nikasema naitafuta.

Ninayo hapa. Mashine ya fotokopi imeshapata moto. Maneno mawili ya penseli, hafifu, lakini yanasomeka. Nikitoa nakala hivi hivi, wale nje wataacha kumtafuta yeye, wanitafute mimi. Ufutio uko mfukoni mwangu — upo siku zote.

Anagonga kaunta kwa plasta. Polepole.

"Lyle? Mwanangu, umeipata?"

Nje wameanza kugonga mlango. Ubao tuliouweka mahali pa kioo umepasuka. Nimeitika. Nimesema ndiyo, nimeipata, naja —