Taa Niliyoiziba kwa Plasta

Mke wangu,

Chai iko kwenye chupa. Kliniki utapelekwa na dada yako, atakupitia saa nne. Gari nimelipeleka gereji. <s>Ni kitu kidogo tu.</s> Si kidogo.

Ile plasta kwenye dashibodi imebanduka leo nikifuta vumbi. Nilikwambia inaziba ufa. Nilikudanganya. Inaziba taa ya eabegi, ile mifuko ya kinga inayojaa hewa ghafla gari likigonga. Imewaka tangu niliposukuma sanduku la vifaa chini ya kiti chako, penye nyaya zake. Ilinikera, nikaiziba.

Nimempigia fundi. Akauliza, "Kiti hicho anakaa nani?"

"Mke wangu. Ni mjamzito."

Akasema, "Taa ikibaki inawaka, mfuko huenda usijae hewa kabisa mkigonga. Usiguse waya wowote, lilete taratibu."

Miezi miwili umekaa pale na tumbo lako, nami nikijua. Ukitaka kuninunia, ninunie, nimestahili. Ila gari likirudi, usiamini maneno yangu tu. Liwashe mwenyewe: taa iwake kidogo, kisha izimike. Isipozimika, usipande, hata nikikubembeleza vipi.

Baba mtarajiwa